Nimeangukiwa na Cleveland

Columbus, Jumatano usiku

Kwako Shomari,

Salamu nyingi, wewe na mama watoto. Sisi wazima, baridi tu inatutafuna. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee Chande, uniwie radhi. Leo nina shida, na shida yenyewe utacheka.

Wale jamaa wa kazini tunacheza nao besiboli ya mezani, dadu na kadi, kila kadi mchezaji wa kale. Safari hii ni ligi ya 1899, timu 12. Tumechomoa vikaratasi ndani ya kofia ya Side, mimi nikatoka na Cleveland. Watu wakaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Jumamosi tunaanza.

Hawa walishinda mechi 20, wakafungwa 134. Na hawakuwa wabovu, Shomari! 1898 walishinda 81. Wenye timu, ndugu wawili wa ukoo wa Robison, wakainunua na St. Louis, wakaona huko ndiko kwenye mashabiki, wakahamisha vigogo wote: Cy Young, Burkett, Wallace. Cleveland ikabaki na makapi. Mechi ya kwanza wakapelekwa huko huko St. Louis, Cy Young akawarushia mpira, wakafungwa 10-1. Mashabiki wakasusa, timu ikamaliza msimu ikizurura ugenini.

Si unamwona yule bwana wetu wa timu mbili, aliyehamishia wachezaji wetu kule kwingine? Mimi bado naiona ile asubuhi Temeke, jezi kumi na moja zimekunjwa juu ya benchi, wa kuzivaa wanane, na wewe unauliza kama basi limeharibika njiani.

Kikosi changu sasa. Mrushaji tegemeo, Jim Hughey: alishinda 4, akapoteza 30. Mlinzi wa kituo cha pili, Joe Quinn, ambaye riziki yake nyingine ilikuwa kuzika watu, na ndiye waliyemkabidhi ukocha! Mechi ya mwisho walimpa mpira kijana wa kibanda cha sigara, wakala 19-3. Yeye simpangi, hata Side akinibembeleza.

Wa maana ni Lave Cross tu, kituo cha tatu. Na mwenzetu aliyechomoa St. Louis kashamtaka, ananipa vijana wawili na nafasi ya kuchagua wachezaji mapema msimu ujao. Kweli yenyewe Cross walimhamishia huko huko kabla msimu haujafika nusu, kwa hiyo jamaa anasema anafuata historia tu. Side ananiambia uza, timu inajengwa. Lakini ile ya kweli haikujengwa. 1900 ligi ikafuta timu nne na Cleveland mojawapo. Yangu mwakani ipo. Nataka kushinda mechi 35, nisiwe kichekesho. Bila Cross hata 25 sijui... Halafu nikimpa, nimekuwa yule bwana.

Hebu niambie ukweli. Ulipomwachia Rama aende, ulijuta? Wale watoto wa mwaka wa pili walikuwa wazuri kweli, au tulizoea kufungwa? Ungekuwa mimi ungemtoa Cross? Zuhura kaolewa au bado mnavutana na mahari? Na viatu vyangu vya mpira viko kwa nani? Nijibu kabla ya Ijumaa, jamaa wa St. Louis ananipigia kila jioni.

Wako,
Mbwana