Mmemsahau Amalia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya makala yenu kuhusu Ignacio Agramonte, wakili wa Cuba aliyegeuka askari katika Vita vya Miaka Kumi dhidi ya Hispania. Mmeisimulia vizuri siku ile ya Oktoba 8, 1871, alipowaongoza wapanda farasi 35 kuwavamia Wahispania wapatao 120 na kumkomboa mwenzake Julio Sanguily. Lakini mke wake mmempa mstari mmoja tu, kwamba alioa na kupata watoto wawili. Mimi ni mjane wa askari, huu mwaka wa kumi na moja. Mstari huo umenichoma.

Mke huyo anaitwa Amalia Simoni, binti wa daktari tajiri wa Puerto Príncipe, mji ambao leo ni Camagüey. Walifunga ndoa Agosti 1, 1868. Oktoba vita vikaanza, na ilipofika Novemba bwana harusi alikuwa porini na waasi. Amalia hakukaa mjini kumngojea. Alimfuata huko huko, na mwana wao wa kwanza, Ernesto, alizaliwa Mei 1869, vita vikiwa vimepamba moto. Dada yake Matilde naye alikuwa ameolewa na Eduardo Agramonte, binamu wa Ignacio. Eduardo aliuawa vitani mwaka 1872. Watoto wa mama mmoja, wote wawili wajane kabla mwaka na nusu haujapita.

Mei 1870 Wahispania walimkamata Amalia. Jenerali wao akamtaka amwandikie mumewe ajisalimishe. Alimjibu kwamba watamkata mkono kwanza, kabla hajamwandikia mume wake awe msaliti. Wakati huo ana mtoto wa mwaka mmoja mkononi na mimba tumboni. Binti yao Herminia alizaliwa uhamishoni, na baba yake hakumwona hata siku moja. Ndoa yao ikabaki kuwa ndoa ya barua.

Agramonte aliuawa Jimaguayú, Mei 11, 1873, akiwa na umri wa miaka 31. Maiti yake ilipelekwa mjini, Wahispania wakaichoma moto na majivu yakatawanywa. Mimi nina kaburi la kwenda kupalilia. Amalia hakuachiwa hata hilo.

Na huo uwakili wa Agramonte, Mhariri, mmeupita haraka mno, kana kwamba sheria aliivua pamoja na koti alipopanda farasi. Aprili 1869, pale Guáimaro, yeye na Antonio Zambrana ndio walioandika rasimu ya katiba ya Cuba iliyokuwa vitani. Alikuwa kijana wa miaka 27. Kifungu cha 24 kinasema wakazi wote wa Jamhuri ni huru kabisa. Hapo ndipo penye uzito kuliko mbio zote za farasi, na hapo pia ndipo penye aibu ambayo mlipaswa kuitaja: Julai ya mwaka huo huo, Baraza la Wawakilishi la waasi lilipitisha kanuni zilizowalazimisha watu waliotoka utumwani waendelee kuwatumikia mabwana. Kanuni hizo zilikuja kufutwa Desemba 1870. Hispania yenyewe iliufuta utumwa Cuba mwaka 1886. Msomaji aliyejua kifungu cha 24 peke yake atadhani kazi ilimalizika siku ile wino ulipokauka.

Nirudi kwa mama huyu. Huko ugenini alifundisha watu kuimba ili wanawe wale. Sauti yake ilikuwa imesomea Ulaya kabla ya vita. Cuba ilipopata jamhuri yake alikataa pensheni ya ujane, akisema mumewe hakupigana ili amwachie yeye pensheni. Sitamlaumu mjane yeyote anayeipokea, nami naipokea, lakini nilisoma jibu hilo nikafunga kitabu nikakaa kimya.

Februari 24, 1912, mji wa Camagüey ulizindua sanamu ya Agramonte akiwa juu ya farasi. Aliyeifunua ni Amalia mwenyewe, sasa bibi wa kizee. Alifariki Januari 1918.

Picha zake zipo. Mkiandika tena habari za Agramonte, naomba mwiweke moja pembeni ya ile ya farasi, na chini yake mwandike jina lake lote.

Msomaji wenu,
Tanga