Risala ya Kikundi cha Watengeneza Karatasi za Mkonge kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wazazi, wahitimu na wageni waalikwa,
Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Umetoka Mufindi mpaka huku Tanga kwa ajili ya vijana hawa, nasi tunasema ahsante sana mzee wetu. Umekuwa kwenye kazi hii tangu kiwanda cha Mgololo kilipoanza kutoa karatasi mwaka 1985, na mpaka leo umo katika uongozi wa chama cha wataalamu wa karatasi. Ndiyo maana risala hii ni ya kazi yenyewe, na maombi yake ni ya mtu anayeijua.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kule kwenu misindano ya Sao Hill hukatwa vipande, ikapikwa kwa soda kali na salfa kwenye joto la nyuzi 170 hivi, ikatoka karatasi ngumu ya kahawia ya kutengenezea mifuko. Hapa tunapika mkonge kwenye sufuria la lita 40. Lengo ni moja: kuondoa lignini inayozigandisha nyuzi bila kuzidhoofisha nyuzi zenyewe.

Malighafi haiko mbali. Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Nyuzi ndefu zinakwenda kwenye kamba na magunia. Sisi tunachukua fupi zinazodondoka kwenye mashine ya brashi, tunazikata kwa shoka juu ya gogo ziwe na urefu wa sentimita 1 hadi 1.5. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanza kukosea. Nyuzi ya sentimita 3 ukiitazama mkononi ni fupi, lakini ndani ya beseni hujisokota na wenzake, na karatasi hutoka na mafundo ambayo hakuna jeki ya kukamulia itakayoyalaza.

Kwa kilo 1 ya nyuzi kavu tunatia gramu 200 za soda ashi na maji lita 15, tunachemsha kwa moto wa wastani saa 3. Soda ashi si ile ya kuumulia maandazi. Ile ni dhaifu, utapika mpaka jioni nyuzi zikiwa bado kama waya. Sufuria liwe la chuma kisichoshika kutu. La aluminiamu haliruhusiwi kabisa, kwa sababu soda hulila na maji huchafuka. Nyuzi ikiiva huvutika na kukatika kwa urefu bila kubishana na vidole. Baada ya hapo ni kuosha tu, mpaka maji yatoke meupe. Soda ikibaki ndani, karatasi itageuka ya njano mapema.

Kuponda ndiyo roho ya kazi hii, nasi tungependa wageni waelewe sababu. Karatasi yetu haishikanishwi na gundi. Nyuzi ikipondwa ndani ya maji huchanua pembeni kama ncha ya mswaki wa mti, na maji yanapotoka, machanuo hayo hukaribiana na kushikana yenyewe. Blenda ya jikoni haifanyi hivyo; inakata. Karatasi ya blenda hupendeza ikiwa mbichi, ikikauka huchanika kwa kuguswa. Kwa hiyo tunatumia kinu na mchi, saa nzima kwa kila gao, na kipimo chetu ni glasi ya maji: dondosha kidogo rojo, yaani nyuzi zilizopondwa zikiwa na maji yake, tikisa, tazama kwenye mwanga. Likitawanyika kama wingu, tayari. Yakionekana mabonge, rudi kinuni. Lakini ukiponda kupita kiasi, maji hukataa kuchuja kwenye wavu, na karatasi hukauka ikiwa imesinyaa na kulia kama ganda kavu la mgomba.

Rojo lililoiva tunalitia kwenye beseni, gramu 200 za nyuzi kwa lita 40 za maji, na kuchota kwa fremu mbili, ya chini yenye wavu na ya juu isiyo na wavu. Mkono utikise mbele, nyuma, kulia, kushoto, kisha utulie kabla maji hayajaisha. Anayetikisa amechelewa hupasua karatasi ambayo tayari imeshika. Tone likianguka kutoka kwenye kiwiko huacha doa la mviringo lisilofutika. Kutoka hapo karatasi hulazwa kwenye blanketi, hukamuliwa kwa jeki ya gari, hubandikwa kwenye ubao na kukauka kivulini. Juani kingo hutangulia kukauka na karatasi nzima hujikunja.

Karatasi za kuandikia tunazipaka uji mwepesi wa wanga wa muhogo, bila hivyo wino husambaa. Wanga ukiwa mzito, mende hawachelewi.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tatizo letu kubwa ni kipimo. Mteja wa kadi za harusi akiagiza mara mbili, mzigo wa kwanza unaweza kuwa gramu 120 kwa mita ya mraba na wa pili 190, kwa kuwa kila mchotaji ana mkono wake. Wahitimu hawa wamefundishwa kupima kwa mzani wa jikoni: karatasi 16 za A4 zina eneo la mita 1 ya mraba, kwa hiyo uzito wake kwa gramu ndio jibu. Beseni likishapungua, ongeza rojo baada ya kila karatasi chache, usisubiri ziwe nyembamba. Hilo tumelimudu. Unene, nguvu ya kukunjwa na unywaji wa maji bado tunakisia.

Chama cha Marekani cha wataalamu wa karatasi, TAPPI, kilichoanzishwa mwaka 1915, kimejulikana duniani kwa njia zake za kupima karatasi. Watengenezaji wa mkono nao wana chama chao cha kimataifa, IAPMA, tangu mwaka 1986. Kwa hiyo tunaomba mambo haya kwa chama chako. Kwanza, mlango wa uanachama ufunguliwe kwa mafundi wa mkono, kwa ada wanayoweza. Pili, mtuandikie kwa Kiswahili njia za kupima, hata kurasa nne, na humo mkubaliane jina moja. Huku tunasema rojo, wengine uji, wengine palpu, na fundi akihama kikundi huanza upya. Tatu, mtushauri juu ya maji meusi ya kupikia. Kwa sasa tunayaingiza kwenye shimo lililo mbali na kijito, na tunajua hiyo si dawa ya kudumu. Nne, mashine ya kuponda iliyochakaa, kama ipo popote katika viwanda mnavyovijua; vijana wa gereji hapa wana uwezo wa kuitengeneza.

Mezani mbele yako zipo karatasi 16 za kazi ya mwisho ya wahitimu, na mzani uko pembeni yake. Tunakuomba uzipime mwenyewe kabla ya kugawa vyeti, ambavyo navyo vimechapwa juu ya karatasi hiyo hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.