Risala ya Kikundi cha Mafundi kwa Mgeni Rasmi: Mabenchi na Uzio wa Njia ya Ufukweni, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wetu, kina mama wauza samaki, ndugu wavuvi na wageni waalikwa: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Sisi ni mafundi wa kuchomelea, maseremala na waashi wa hapahapa Tanga. Tumekualika uone mapendekezo yetu ya uzio na mabenchi kwa njia ya watembea kwa miguu kandokando ya bahari, kutoka Bombo kuelekea Raskazone.

Tuanze na uzio, maana ndio tuliobishania zaidi. Wengi wakisikia ufukwe utatengenezwa hudhani lazima uzungushiwe fensi mwanzo hadi mwisho. Sisi tunakataa. Bahari hii ina wenyewe: mvuvi anayeshuka na kasia alfajiri, mama anayepanda na beseni la samaki kichwani, watoto wanaokwenda kuoga maji yakijaa. Ukiwafungia njia wataibomoa fensi, na hatutawalaumu. Kwa hiyo katika mapendekezo yetu tumeweka uzio pale tu penye ukingo unaoweza kumwangusha mtu. Kwingine kuna ukuta mfupi wa kukalia, au pameachwa wazi kabisa. Penye ngazi za kushukia majini tumeacha mwanya mpana, mwenye beseni apite bila kugeuka ubavu.

Uzio wenyewe una kimo cha mita 1.1. Fito zake zimesimama wima, na nafasi kati ya fito na fito haifiki sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipenye. Fito za kulala huonekana nzuri kwenye picha, lakini mtoto huzifanya ngazi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kinachokula kazi yetu ni chumvi. Ukiinama kuitazama reli iliyochakaa ufukweni utaona haikuanza kuoza katikati. Imeoza mguuni, bomba linapozama kwenye zege na maji kutuama. Na imeoza kwenye maungio, pale fundi alipopaka rangi juu ya gamba la kuchomelea bila kupiga brashi ya waya. Mara nyingi bomba huliwa kutokea ndani huku rangi ya nje bado inang'aa. Siku mtu akiliegemea, linakatika.

Dawa yake inajulikana, ila inataka mpangilio. Chuma kikatwe, kitobolewe na kuchomelewa chote kwanza, ndipo kichovywe kwenye zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Kila bomba liachiwe matundu ya kupumulia, kwa sababu hewa au maji yaliyofungiwa ndani yakikutana na joto hilo yanaweza kulipasua na kuwarushia wafanyakazi zinki ya moto. Ukichomelea baada ya kuchovya, zinki inaungua palepale na kutu inapata mlango. Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu upesi, nayo haiko ya aina moja. Ile ya daraja 304, inayotengenezewa masufuria, huota madoa ya kahawia karibu na bahari. Ya 316 ina molibdenamu, na huvumilia zaidi. Kwa kuwa ni ghali, tumeiweka kwenye bolti tu, na tumezitenga na chuma cha zinki kwa washa za plastiki, maana metali mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi zinki huliwa upesi.

Halafu kuna wezi wa vyuma chakavu. Hilo, pamoja na jua linalochoma chuma mpaka hakikaliki, ndilo lililotufanya mabenchi mengi tuyajenge kama baraza za mawe. Wakazi wa Ngamiani hawahitaji kufundishwa baraza. Kimo chake ni sentimita 45, na baadhi zina egemeo na mkono wa kushika, mzee apate kujiinua. Zipo zinazotazama bahari, na zipo zilizojengwa kwa pembe, wanaoongea waonane nyuso, katikati pakibaki nafasi ya ubao wa bao na birika la muuza kahawa. Pembeni tumeacha mahali pa kiti cha magurudumu; Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatutaka tuwafikirie watu wote. Hakuna mti utakaokatwa. Baraza ndiyo itafuata kivuli cha mkungu.

Kwenye zege lenye nondo tumetaka nondo ifunikwe kwa sentimita 5 au zaidi, maji ya kuchanganyia yasiwe ya chumvi, na mchanga wa pwani usitumike. Nondo ikishika kutu hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani.

Changamoto yetu kubwa ni zabuni zinazoandika neno "rangi" na kuishia hapo. Tunaomba nyaraka zitaje kuchovya kwenye zinki, na unene wake upimwe kabla ya malipo. Tunaomba pia fungu la ukarabati litengwe kila mwaka, kuosha chumvi na kukaza bolti, kazi ambayo vijana wetu wanaiweza. Na kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa, wavuvi na kina mama waitwe wenyewe waonyeshe wanapopita.

Sampuli ya uzio na baraza moja viko pale nje. Tunakuomba, mheshimiwa, uikalie baraza hiyo, kisha uushike uzio kwa mikono miwili na uutikise kwa nguvu zako zote, utuambie ulichokiona.

Tunaomba kuwasilisha.