Waziri Wandayi, tuonyeshe mikataba ya stima

Mhariri,

Opiyo Wandayi si mgeni wa makaratasi. Aliingia bungeni 2013 kwa kiti cha Ugunja, akakitetea mara mbili, na katika Bunge la 12 ndiye aliyeongoza Kamati ya Hesabu za Umma, kule ambako makatibu wa wizara hutolewa jasho: risiti iko wapi, nani alitia saini. Kisha akawa Kiongozi wa Wachache. Agosti 2024 akaapishwa kuwa Waziri wa Kawi na Petroli, na ubunge akauacha.

Sasa anayeulizwa ni yeye. Oktoba 2024 KETRACO, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, ilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani ya India wa kujenga njia za umeme, thamani yake dola milioni 736. Mahakama Kuu ikausimamisha mwezi huohuo. Novemba 21 Waziri akawaambia maseneta kwamba hakukuwa na hongo. Siku hiyohiyo Rais akasimama bungeni akaufuta, Marekani ikiwa imeshatangaza mashtaka dhidi ya mwenye kampuni. Yule mwenyekiti wa zamani, nadhani, asingeridhika na neno la waziri. Angedai nakala.

Sisi wa Mombasa tunalipia mambo haya. Nunua tokeni, usome ujumbe wote: kando ya stima yenyewe kuna gharama ya mafuta, kuna tofauti ya bei ya dola, kuna ada ya umeme wa mashambani, na VAT juu yake. Muuza samaki wa Kongowea hajui dola imeingiaje kwenye friji ya pweza wake. Imeingia kwa mikataba ya kununua umeme kutoka kwa wazalishaji binafsi, mingi ikilipwa kwa dola. Mtambo wa umeme wa Tsavo hapa Kipevu ulifungwa 2021 mkataba wake wa miaka 20 ulipokwisha, nasi majirani wa moshi ule hatukuwahi kuelezwa yaliyokuwa ndani ya mkataba huo.

Bunge limeshaondoa marufuku ya mikataba mipya ya kununua umeme, kwa hivyo kalamu zinarudi mezani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari. EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hututangazia bei ya petroli kila tarehe 14 bila kuombwa. Wizara nayo ichapishe kila mkataba wa umeme kabla ya kutiwa saini, bei na sarafu ya malipo zikiwa wazi, na muhtasari wa Kiswahili juu yake.

Mkaazi wa Changamwe,
Mombasa