Kwa vijana wa Mombasa mnaojiandaa na mtihani wa polisi: jibuni kilichoandikwa

Wanangu wa Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Mvita,

Salamu kwenu. Mbio zenu za alfajiri pale Mama Ngina ni njema, endeleeni nazo. Lakini sehemu ya mantiki wengi mwaiacha mpaka wiki ya mwisho, mkidhani ni akili ya kuzaliwa. Sivyo. Hii yafunzwa, kwa kalamu na karatasi.

Kosa kubwa ni kujibu unachokijua badala ya kilichoandikwa. Tazameni: Matatu zote za Bamburi hupita daraja la Nyali. Baadhi ya magari yanayopita daraja hilo ni meupe. Je, ni lazima baadhi ya matatu za Bamburi ziwe nyeupe? Kijana akumbuka matatu nyeupe aliyoipanda jana, ajibu ndiyo. Amekosa. Chora duara kubwa la magari ya darajani, ndani yake duara dogo la matatu. Magari meupe yaweza kukaa ndani ya lile kubwa bila kuligusa dogo. Ukipata picha moja tu ambamo maelezo yote ni kweli na hitimisho ni uongo, basi hitimisho hilo halilazimiki.

Sasa hili: Kila aliyeingia ghalani alitia sahihi. Juma alitia sahihi. Aliingia? Hatujui, huenda alisaini mlangoni akarudi zake. Lakini Hamisi hakutia sahihi, basi Hamisi hakuingia. Sentensi ya namna hii huigeuzi vivi hivi. Waigeuza kwa kubadilishana pande na kuzikanusha zote mbili. Neno "tu" nalo ni mtego: "wenye kitambulisho tu ndio walioingia" haisemi kwamba kila mwenye kitambulisho aliingia. Hapa msiharakishe, maana hii ndiyo kazi yenyewe mnayoiomba. Afisa anayeandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, sharti atenganishe alichokiona na anachokidhani. Asipojua tofauti hiyo, asiye na hatia hulala ndani.

Mfuatano wa namba, andika tofauti chini yake. 3, 7, 15, 31: tofauti ni 4, 8, 16, basi inayofuata ni 32, jibu 63. Tofauti zikipanda na kushuka, kama 5, 8, 6, 9, 7, 10, huenda ni mifuatano miwili iliyosukwa pamoja. Soma ukiruka moja moja: 5, 6, 7 na 8, 9, 10, basi inayofuata ni 8.

Herufi za siri, yaani maneno yaliyofichwa kwa kubadilisha herufi, msihesabu kwa abjadi ya Kiswahili, haina Q wala X. Mtihani ukiwa wa Kiingereza, andikeni herufi zote 26 pembeni na mkariri vituo: E ni 5, J 10, O 15, T 20, Y 25.

Maswali ya foleni yataka visanduku. Watu watano wako foleni ya feri; "Saumu yuko mbele ya Kazungu" haisemi wamefuatana, huenda kati yao pana watatu. Anza na maelezo yenye nafasi kamili, kwa mfano Ali ni wa tatu, kisha yanayowafunga wawili pamoja, mwisho ya mbele na nyuma. Kwenye maswali ya dira, zungusha karatasi uelekee anakoelekea msafiri: anayekwenda kusini akigeuka kulia aelekea magharibi, na wengi huandika mashariki.

Fanyeni maswali 20 kila siku mkijipima muda kwa saa. Maswali 40 kwa dakika 30 ni sekunde 45 kwa kila moja. Likikushika zaidi ya dakika, litie alama usonge. Wekeni daftari la makosa, na mwandike sababu ya kukosa, si jibu sahihi peke yake. Anayewauzia karatasi ya mtihani kabla ya siku, mkimbieni. Ni mwizi wa pesa zenu na wa kazi yenu pia.

Siku yenyewe, someni kwanza kama jibu baya hukatwa alama. Lisipokatwa, msiache swali tupu. Na ukiruka swali la 14, ruka na mstari wa 14 kwenye karatasi ya majibu, ulinganishe namba kila baada ya maswali 5. Jibu moja likisogea, yote yanayofuata husogea nalo.

Mzee wenu