Majaketi yenu ya mvua yametuvujia safarini, nataka pesa zangu

Kwa meneja wa duka,

Assalam aleikum.

KUH: MAJAKETI MANNE YA MVUA

Naandika kuhusu majaketi manne niliyonunua dukani kwenu hapa Mombasa mwezi wa Oktoba, shilingi 4,500 kila moja, jumla 18,000, mesej ya M-Pesa bado ninayo kwenye simu na risiti pia ipo. Nimeshakuja dukani mara mbili na mara zote nimeondoka bila jibu la maana, ndo maana sasa naandika.

Kwanza mjue sikuingia kwenu kutafuta nguo ya fasheni. Kijana wenu nilimweleza kila kitu, kwamba tunaenda Istanbul Desemba shule zikifungwa, mimi, mume wangu, mwanetu wa miaka 8 na mamangu mzazi ambaye ana miaka 67 na kifua chake hakiwezani na baridi, na kwamba kule Desemba ndo wakati wao wa mvua, si kama kwetu ambako tunajua mvua kubwa ni ile ya mwaka, Aprili hadi Juni. Nikamwambia kilo za mizigo ni za kuhesabu kwa hiyo nataka kitu kimoja tu cha kutosha, tusibebe mwavuli na koti na sweta nzito vyote pamoja. Akanitolea haya majaketi kutoka stoo, akanionyesha lebo imeandikwa 10,000 mm, akasema mama hili ukivaa sahau mwavuli. Hiyo namba nimekuja kuielewa baadaye, yaani maji yakisimama juu ya hicho kitambaa kwa kimo cha mita 10 ndo kianze kuvuja. Mita 10! Na akaniambia nisiyatoe kwenye vifuko vyake mpaka siku ya safari manake yakishakunjuliwa hayakunjiki tena vile. Nikamsikiza, yakakaa kwenye kabati vile vile.

Siku ya pili Istanbul tuliamka na jua zuri, watu wamekaa nje wanakunywa chai, tukatoka na majaketi yenu mkononi na masweta tukayaacha hotelini. Adhuhuri haijafika wingu limefunga. Wenyewe wana upepo wa kusini wanauita lodos na wa kaskazini wanauita poyraz, na sisi watu wa pwani ulituchanganya kidogo kwa sababu kwetu kaskazi ndo ina joto na kusi ndo inaleta ubaridi na mvua, kule ni kinyume, wa kusini una vuguvugu na wa kaskazini unaingia mpaka kwenye mifupa, na zote mbili zinaweza kukupata siku moja kabla hujarudi hotelini. Mji wa namna hiyo mtu hawezi kubahatisha nguo. Ndo maana niliuliza sana dukani.

Basi lodos ikavuma, feri za Bosphorus, ule mkono wa bahari unaokata mji, zikasimamishwa, tukabaki pale gatini Eminönü na umati wa watu kama Likoni siku feri imeharibika, mvua inakuja kwa ubavu. Tukaambiwa tutembee hadi Sirkeci tupande Marmaray, ile treni inayopita chini ya bahari tangu 2013. Ni mwendo wa dakika kama kumi, na sisi tuko ndani ya majaketi ya 10,000. Hatujafika hata nusu ya njia mume wangu ananiambia mgongo wake umelowa, nikamwambia ni jasho, mpaka na mimi nikasikia maji yananiteremka kwenye bega kufuata mshono, baridi, mpaka kwenye kiwiko. Mtoto akaanza kutetemeka. Mama yeye hakusema kitu, mamangu si mtu wa kulalamika.

Tulipofika Üsküdar, ng'ambo ya pili, tukaingia msikiti wa Mihrimah Sultan ulio pale karibu na gati, tuswali na tujistiri. Pale tunapovua viatu nikamvua mama jaketi, na ndani ya jaketi nikaona ule utandu mweupe wa kuzuia maji umebanduka wote, umekuwa magamba magamba kama ya samaki, mengine yananata vidoleni kama gamu ya zamani, na yote yamehamia kwenye buibui lake jeusi. Mamangu amesimama mlangoni mwa msikiti amelowa, mimi nimepiga magoti nambandua magamba yenu moja moja kwenye mabega na mgongoni, na watu wanapita. Mama mmoja wa pale akatoa mtandio mkavu kwenye mkoba wake akamfunika. Hiyo picha sijaisahau na sitaisahau.

Usiku kifua kikambana. Siku mbili hakutoka chumbani, na siku moja kati ya hizo ndo tulikuwa tumepanga kwenda Süleymaniye, msikiti ambao amekuwa akiutaja tangu tiketi hazijakatwa. Hakuuona. Tulirudi Mombasa hajauona.

Kutoka huko huko niliwatumia picha kwa watsapu. Mkasoma, nikaona. Jibu likaja kesho yake, mstari mmoja, bidhaa ikishatumika hairudishwi. Sasa jaketi la mvua nitajuaje linavuja kabla sijalivaa kwenye mvua? Niliporudi nikaja dukani na majaketi yote manne, nikaambiwa ati hayo ni ya mvua ya hapa, si ya Ulaya. Kwanza kijana wenu alijua ninakoenda. Pili, hivi nyinyi mvua ya hapa mnaijua? Mvua ya mwezi wa Mei ikikukuta Mwembe Tayari hujui barabara iko wapi na mtaro uko wapi. Jaketi ambalo limeshindwa na mvua ya dakika kumi Istanbul litaweza ya Mei?

Nikayapeleka kwa fundi wangu Majengo, anashona mabegi na maturubai, miaka mingi yuko kwenye hiyo kazi. Aligeuza la mtoto, ambalo lilivaliwa siku moja tu, akakwaruza kwa ukucha likatoka unga. Akaniambia hii ni plastiki imepakwa kwenye kitambaa, na kinachoiua si kuvaliwa, ni joto na unyevu, ikikaa imekunjwa stoo ya hapa Mombasa muda mrefu inaoza yenyewe hata kama jaketi ni jipya na lebo iko. Akanionyesha pia kwamba mishono ya mabegani haina ule utepe wa ndani wa kuziba matundu ya sindano, kwa hiyo hata utandu ungekuwa mzima, maji yangepita pale pale yaliponiingia mimi. Yaani mlinitolea kitu kimeshakufa stoo, mkaniambia nisikifungue.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe 18,000 zangu zote, na juu yake pesa ya miavuli miwili na koti la mama tulilolazimika kununua kule, risiti nimeweka. Na majaketi ya aina hiyo yaliyobaki dukani myatoe, au angalau mkunjue kila moja mbele ya mteja aone ndani kabla ya kulipa, manake hizi likizo watu wengi wanasafiri na wazee wao na watoto, na wote mnawaambia wasahau mwavuli. Katiba yetu kifungu cha 46 inasema mteja ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nayo, na ya kulipwa akipata hasara. Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita nitapeleka barua hii na picha zote kwa Mamlaka ya Ushindani, nimeshauliza na malalamiko ya wateja wanapokea.

Majaketi ninayo nyumbani ndani ya mfuko, sijayafua wala kuyashona. La mama bado lina nyuzi za buibui zimenasa kwenye ule utandu. Mkitaka kuyaona niambieni siku, nitayaleta mwenyewe.

Mteja wenu,
Mombasa