Wenye usonji wakishakuwa watu wazima, waende wapi?

Mhariri,

Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, nafungulia redio tangu asubuhi. Usonji ni hali ya ubongo ya tangu utotoni, inayoathiri mawasiliano na watu. Vipindi ni vizuri: kina mama wanaelekezwa dalili, mtoto asiyeitika jina lake, anayechelewa kuongea. Lakini mdogo wangu mwenye usonji ana miaka 23 na ndevu zimemjaa, na sijasikia bado neno linalomhusu yeye.

Alisoma kitengo maalumu cha shule ya msingi hapa Tanga. Alipokuwa mkubwa tukaambiwa basi, amemaliza. Chuo cha ufundi tulichokwenda kilitaka cheti cha darasa la saba, ambacho hana. Akawa mtu wa kushinda barazani, na huko ndiko alikoanza kujing'ata mikono.

Aliyemtoa barazani ni dobi wa mtaani kwetu, Ngamiani. Hakusomea elimu maalumu, ila ana subira. Hamwelezi kwa maneno mengi: hunyoosha kanzu moja mbele yake, kisha humpa ya pili. Meza ni ileile, saa ileile, na kama kesho hafungui humwambia leo. Alhamisi kazi hufurika kwa sababu ya Ijumaa, na mdogo wangu hupiga pasi mpaka usione kikunyanzi. Analipwa kama wenzake. Mikono imepona.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Tunayo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Naomba maofisa ustawi wa jamii wapite mitaani wawatafute vijana kama mdogo wangu, wawakutanishe na mafundi walio tayari kuwafundisha.

Kuna na suala la usalama. Usiku mmoja vijana wa ulinzi shirikishi walimsimamisha. "Unaitwa nani?" Naye akasema, "Unaitwa nani?" Akiogopa hurudia swali alivyolisikia. Wakadhani anawakejeli, wakamzaba makofi. Wenyeviti wa mitaa wawatambulishe vijana wenye usonji kwa walinzi mapema, mchana, wakiwa pamoja na ndugu zao. Mama yetu ni mzee sasa na sukari inamsumbua, hawezi tena kumfuata kila aendako.

Dada wa kijana mwenye usonji,
Ngamiani, Tanga